Mji Alioahidiwa Orpa

Nyumbani kwao Bungulu, jua lilipoanza kuteremka nyuma ya miti Orpa alikuwa ameshateka maji, ameshapika na ameshaosha vyombo. Mume wake Kambere alisukuma kabati nyuma ya mlango, taa ikapunguzwa, na wao wawili pamoja na binti yao Séphora wakapanda kitandani mapema kama kuku. Ndivyo walivyoishi watu wengi wa Beni. Wenye mapanga walitoka porini giza likiingia, leo upande wa Mbau, kesho upande wa Mavivi, na hakuna aliyejua usiku wa nani umefika. Hata Séphora, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitano, alijua kwamba jua likizama mtu huongea kwa kunong'ona.

Kambere alikuwa mtoto wa Butembo. Wakiwa wamelala hivyo gizani, alikuwa akimsimulia mkewe mji wake.

"Kwetu, saa hii ndiyo batu banatoka," alimwambia sikioni. "Mataa inawaka ku maduka yote, kutoka ku bonde mpaka kule juu. Bamama banachoma mahindi pembeni ya barabara. Mutu anatembea tu, hata kama hana kitu ya kununua. Noeli itafika, nitakupeleka. Tutatembea mpaka miguu iume."

Orpa alicheka bila sauti. Alikuwa mzaliwa wa Beni. Butembo alikuwa amefika mara chache, na kila mara mchana: kwenda asubuhi, kurudi mapema, ili gari livuke mlima wa Kabasha jua likiwa bado juu. Mji wa mume wake aliujua kwa vumbi lake, magari yake na kelele za sokoni. Usiku wake aliujua kwa kusimuliwa tu.

Noeli ilikuwa bado mbali Kambere alipokufa. Kazi yake ilikuwa kununua kakao kwa wakulima na kuiuza kwa wenye maghala. Asubuhi moja, Séphora akiwa bado amelala, alipanda pikipiki yake akaenda ng'ambo ya Mavivi kuchukua magunia, na hakurudi. Kesho yake askari walileta miili kwenye gari, na Orpa akamtambua mume wake kwa shati alilokuwa amelipiga pasi mwenyewe. Wiki hiyo barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa. Joto la Beni halingojei mtu. Walimzika siku ileile, na mama yake, mjane Kyakimwa, akapata habari za maziko ya mwanawe kwa simu.

Barabara ilipofunguliwa, Orpa alimbeba Séphora wakaenda Butembo kumlilia marehemu pamoja na wakwe.

Walikaa matanga. Watu walikuja, wakaimba, wakala, wakaenda. Siku ya mwisho Syauswa, mdogo wake marehemu baba mkwe, aliita kikao cha familia. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakupenda kuzunguka.

"Mama Séphora," alimwambia Orpa, "wewe ni mutoto yetu. Beni iko nawaka moto. Bakia hapa. Lakini kama moyo yako inakuvuta kwenu, hatutakufunga kamba. Mutoto, yeye, anabakia. Ule ni wa nyumba yetu."

Orpa alimvuta Séphora akamweka kati ya magoti yake, akamshika hivyo mpaka kikao kikaisha. Kyakimwa aliketi mkabala nao akisikiliza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, aliyeuza maharagwe sokoni tangu ujana wake. Siku zote za matanga hakuna aliyemwona akitoa machozi. Alipika, alifagia, alihesabu viti vya kuazima, akavirudisha kwa wenyewe.

Wageni walipokwisha kuondoka na kivuli cha mikaratusi kilipofika uani, alikuja mlangoni mwa chumba cha Orpa.

"Jifunike kitenge ya pili," alisema. "Ya mutoto pia. Inje kuko baridi."

"Tunaenda wapi, Mama?"

"Kutembea."

"Saa hii?"

"Kambere hakukuambia Butembo banatembeaka saa gani?"

Walishuka mlima watatu, Séphora katikati. Udongo mwekundu ulikuwa umekauka baada ya mvua ya mchana, na moshi wa makaa ulikuwa umetanda juu ya mabati. Taa zilianza kuwaka, moja hapa, mbili pale, halafu upande wote wa pili wa bonde kwa pamoja, kama vile mtu amemwaga makaa mekundu mlimani. Orpa alisimama. Mume wake alikuwa amemwambia, lakini alidhani anaongeza chumvi.

"Mama," Séphora alinong'ona akimvuta mkono. "Tuingie mu nyumba."

"Hapana ogopa," Orpa alimwambia, akimwonyesha bibi yake kwa kidevu. "Tuko na Mukaka."

"Giza inakuja."

"Ninajua. Tuko natembea kidogo."

Kyakimwa alisikia, lakini alidhani mtoto ana usingizi.

Alitembea mbele kidogo, polepole, kama mwenye nyumba anayeonyesha wageni vyumba vyake. Aliwaonyesha shule ya matofali iliyojengwa wakati wa Wabelgiji, madirisha yake marefu yakiwa sasa bila vioo. Kambere alisoma pale, na siku moja alirudishwa nyumbani kwa sababu ya kuleta mbuzi darasani. Aliwaonyesha ghala kuukuu la kahawa, kuta zake nene kama za ngome, ambako baba yake Kambere alibeba magunia mpaka mgongo ukamwisha. "Zamani harufu ya kahawa ilifika mpaka kule juu," alisema. "Ungejua tu kwa pua kama mwaka huu bei ni muzuri." Aliwaambia kwamba kabla ya maduka haya yote mji ulikuwa kambi ya wazungu waliotafuta dhahabu, na kwamba bibi yake aliwauzia ndizi akiwa msichana. Alieleza kila kitu bila kupandisha sauti. Kila alipotaja jina la mwanawe alilitaja kama la mtu aliyetumwa dukani, atakayerudi sasa hivi.

Kwenye barabara kubwa watu walikuwa wengi. Jenereta zilinguruma mbele ya maduka, pikipiki zilipita zikipiga honi, vijana walisimama vikundi vikundi wakicheka kwa sauti. Wanawake walikaa kwenye viti vifupi, kila mmoja na taa yake ndogo, wakiuza mahindi, maparachichi, mikate ya kukaanga. Watoto wa umri wa Séphora walikimbizana kwenye mwanga wa madirisha, mama zao hawawaangalii hata. Orpa alitazama haya yote. Alikuwa akijaribu kuufurahia mji kwa niaba ya mtu mwingine, na hakuweza.

Chini ya matao ya duka moja la kale, lililojengwa na wafanyabiashara wageni ambao wajukuu zao hakuna aliyejua walikokwenda, kijana mnene alikuwa akitengeneza simu kwenye meza ndogo. Alimwona Kyakimwa akaruka kutoka kitini kumsalimu.

"Mama Kambere! Wasibire, Mama! Ni miye, Ézéchias. Nimerudi juzi kutoka Bunia. Karibu miaka miwili niko kule!" Aliwageukia Orpa na mtoto. "Huyu ndiye bibi ya Kambere? Wapi huyu mutu? Namba yake nilipoteza na simu. Tulikuwa tunaiba maembe pamoja, yeye anapanda, miye nakimbia. Muambie Ézéchias iko hapa, aje tucheke kidogo."

Kyakimwa alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Orpa naye alitafuta neno, akalikosa. Wote wawili walikuwa wamelisema neno hilo mara nyingi siku zile, kwa jirani, kwa mchungaji, kwa watu wa mbali kwenye simu. Lakini hapa mbele yao alisimama mtu ambaye Kambere alikuwa bado hai kwake, na hakuna aliyetaka kumwua.

"Papa balimuzika," Séphora alisema kwa sauti yake ndogo. "Kule Beni."

Ézéchias alimtazama mtoto, akamtazama Kyakimwa, kisha akaketi taratibu. Bisibisi ilikuwa bado mkononi. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walisogea kando bila kuambiwa.

"Mama," alisema mwishowe. "Mama, unisamehe."

"Haukujua," alisema Kyakimwa. "Bakia na amani, mutoto yangu."

Waliendelea, sasa bila kusimulia. Walikuwa wamefika karibu na mahali malori yanapoegeshwa, kati ya meza za wauzaji, wakati tairi la lori lilipopasuka nyuma yao. Mlio ulipiga ukutani ukarudi.

Orpa alijikuta chini, kifua ardhini, kabla hajajua anafanya nini. Aliponyoosha mkono kumtafuta mtoto, hakumpata. Séphora alikuwa ameshaingia chini ya meza ya mwanamke wa mikate. Alikuwa amelala kifudifudi, viganja masikioni, magoti yamekunjwa ili asionekane mkubwa. Hakulia. Mtu angedhani hata hapumui. Kisha mkono mmoja ulitoka chini ya meza, ukashika upindo wa kitenge cha bibi yake, ukauvuta.

"Mukaka," alinong'ona. "Lala chini. Hapana sema kitu."

Watu walikuwa wamecheka tairi lilipopasuka. Mmoja baada ya mwingine wakanyamaza.

"Ni pineu tu, mama," mwanamke wa mikate alimwambia Orpa, akiinama kumsaidia. "Ni pineu ya camion. Munatoka Beni?"

Orpa aliitikia kwa kichwa. Mwanamke yule hakuuliza tena. Aliichukua sufuria yake ya mafuta ya moto akaisogeza mbali, ili mtoto asiungue akitoka.

Kyakimwa alipiga magoti. Alilala chini kweli, kwenye vumbi na maganda ya mahindi, na kitenge chake cha matanga mwilini, uso wake ukawa sawa na uso wa mjukuu wake.

"Nimelala," alimwambia. "Umeona? Nimelala. Sasa imeisha. Tutoke sisi wawili."

Walikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, mtoto mapajani mwa bibi yake. Alishikilia mkate aliopewa lakini hakuula. Muda mrefu Kyakimwa alimpapasa nywele, akimtoa vumbi.

"Miaka yote," alisema, "nilikuwa namukasirikia Kambere. Anakuja asubuhi, anakunywa chai, mbele ya saa tisa anasimama. Nilisema, mutoto yangu hanipendi tena, bibi yake alimufunga. Hakuniambia anakimbia giza."

"Hakutaka uogope, Mama."

"Sasa niambie. Kila mutu ananiambia Mungu alimupenda. Hakuna mwenye ananiambia namna walimuzika. Nani alimuosha?"

"Ni miye. Miye na papa yangu."

"Uso yake?"

Orpa alisema kweli. "Uso ilikuwa muzima. Ni hapa kwa shingo, na mikono. Nilifunga shingo na foulard yangu ya kanisa. Ukimuangalia ungesema analala."

"Mulimuvalisha nini?"

"Costume ya ndoa. Ilikuwa imeanza kumubana."

Kyakimwa alitoa sauti iliyokaribia kicheko. "Alipenda kula. Na nyimbo? Mulimuimbia?"

"Tulianza. Tulikuwa na makaburi mengi siku ile, na jua ilikuwa naenda. Askari walituambia tumalize, warudi. Tuliimba verset moja, ya pili tukaachia katikati." Orpa alifuta uso kwa kiganja. "Hiyo ndiyo inaniuma, Mama. Nilimuachia pale na wimbo nusu, nikakimbia nyumbani kufunga mulango."

Hapo ndipo Kyakimwa alipolia. Alilia kama watu wasiozoea kulia, kwa kukwama na kukohoa, mdomo wazi, mabega yakiruka. Wapita njia waligeuka, wengine wakavua kofia. Orpa alimwekea mkono mgongoni, akahisi mifupa yake kupitia kitenge. Hakumwambia anyamaze. Mwanamke wa mikate aliwaletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akakiacha kwenye ngazi, akarudi kwenye kazi yake.

Walipopanda mlima kurudi, baridi ilikuwa imeingia na nusu ya taa zilikuwa zimezimwa. Kyakimwa alimbeba mtoto mgongoni. Hakukubali kupokewa.

"Sitakudanganya," alisema bila kugeuka. "Nilikutembeza ili upende mji. Nilisema, akiona mataa, akiona hata batoto banacheza na usiku, atabakia."

"Nimeupenda," alisema Orpa.

"Lakini unarudi."

"Papa yangu iko kule, Mama. Muguu yake moja haitembei vizuri tangu ule ugonjwa. Nilimuomba aje huku na sisi, akakataa. Anasema atazikwa kwenye mama yangu alizikwa. Nani atamupikia? Nani atamufungia mulango?"

Kyakimwa aliendelea kupanda. "Muzazi hatupwi," alisema. "Ningekuwa miye, ningependa unirudilie pia."

"Ninarudi miye." Orpa alisimama, ikambidi mama mkwe wake asimame pia. "Séphora anabakia."

Kyakimwa aligeuka. "Sababu ya Syauswa? Syauswa nitaongea naye. Ule ni mutoto yako. Hakuna mutu atakunyanganya mutoto mu nyumba yangu."

"Haiko sababu ya Papa Syauswa. Asubuhi, angenivuta mutoto, ningemuuma na meno." Aliugusa mguu wa mtoto. "Umemuona chini ya meza, Mama. Hakuna mwenye alimufundisha. Miye nilifikiri iko na akili sana, hasumbui, halii. Leo nimeona batoto bengine. Séphora hajue kucheza na sauti."

Kyakimwa alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge, wakaendelea kupanda.

Siku ya kuondoka Kyakimwa alimshauri Orpa atoke mtoto akiwa bado usingizini, machungu yawe kidogo. Orpa alikataa.

"Papa yake alienda amelala," alisema. "Miye ataniona nikienda."

Alimwamsha, akamwogesha kwa maji ya moto, akamsuka nywele akichukua muda kuliko ilivyohitajika. Alimweleza kila kitu kwa maneno mepesi: Sokulu, babu yako, ni mgonjwa, Mama anakwenda kumtunza, wewe utakaa na Mukaka, utaanza shule, Mama atakuja. Séphora alisikiliza, akauliza kama Mukaka naye ana kabati la kusukuma mlangoni. Aliambiwa hapana, halitakiwi. Alifikiri juu ya hilo.

Kituoni alisimama kimya, mkono ndani ya mkono wa bibi yake, kama mtoto aliyefundishwa. Orpa alimbusu, akamkumbatia Kyakimwa, na mama mkwe akamshika uso kwa viganja viwili vikavu, akamtazama kama anayetaka kumkariri. Orpa aliingia kwenye taksi, akabanwa katikati ya mwanamke mwenye kuku na mwanaume aliyesinzia.

Gari lilipoanza kusogea ndipo Séphora alipopiga kelele. Alimwita mama yake kwa nguvu zote za kifua chake, akajirusha chini, akapiga miguu, na sauti yake ikapita injini, honi na wauza sigara. Tangu azaliwe Orpa alikuwa hajamsikia akilia namna hiyo. Dereva alimwangalia kwenye kioo, akauliza kama asimame. Orpa aliuma kitenge chake, akatikisa kichwa. Alisikiliza mpaka kona ya kwanza, na baada ya kona akaendelea kusikiliza.

Kabasha walipita salama. Joto la Beni liliwapokea na vumbi lake, na Orpa alifika Bungulu jua likiwa bado juu ya paa. Baba yake, Kahongya, alikuwa ameketi mlangoni na fimbo kati ya magoti. Alikuwa amejaribu kupika ugali mwenyewe, ukaungua, lakini alikuwa amemwekea wake kwenye sahani na kuufunika. Pembeni aliweka kisahani kidogo.

Alitazama nyuma ya binti yake, barabarani.

"Mutoto iko wapi?"

"Nimemuachia Mukaka yake."

Mzee aliinama, akachukua kile kisahani, akausukuma ugali wake kwenye sahani ya Orpa kwa kidole, taratibu, asimwage chini hata tonge. Akavuta fimbo, akajisogeza ili binti yake apate nafasi ya kukaa.

"Umefanya vizuri," alisema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Kula, mutoto yangu. Umefanya vizuri. Kula."